Sauti, Maandishi au Picha: Kuchagua Njia ya Kufundishia Darasa la Jioni

Mwalimu mwenzangu anayeandaa darasa la jioni la watu wazima huko Kayole alinijia hivi majuzi na swali ambalo nimekwisha kuulizwa mara nyingi. Fedha alizochangiwa na majirani zilitosha kununua kitu kimoja tu kati ya vitatu: spika na kadi za kumbukumbu za kuwekea masomo yaliyorekodiwa, rimu za karatasi pamoja na gharama ya kuchapisha vijitabu, au projekta ndogo ya mtumba. Alitaka nimwambie anunue kipi. Nimefundisha watu wazima na vijana walioacha shule katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kwa miaka mingi, nikitumia njia zote tatu, wakati mwingine kwa kupenda na mara nyingi zaidi kwa kulazimika, na jibu nililompa lilichukua jioni nzima, kwa sababu halitoki mpaka ijulikane kwanza somo lenyewe ni lipi na mwanafunzi atalipokea akiwa wapi.

Kuna wazo moja linalopaswa kuondolewa njiani kabla ya yote, maana limewapotezea walimu wengi muda na fedha. Ni wazo kwamba kila mtu ana aina yake ya kujifunza, huyu wa masikio, yule wa macho, mwingine wa kusoma na kuandika, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuwapima wanafunzi kisha kumpa kila mmoja njia iliyo yake. Hojaji iliyolieneza sana wazo hilo ni ya Neil Fleming wa New Zealand, ambayo yeye na mwenzake waliieleza mwaka 1992. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wanasaikolojia wa Marekani, walipitia utafiti uliokuwepo wakitafuta jambo moja mahususi: je, aliyepimwa kuwa wa macho hufaulu zaidi akifundishwa kwa picha, na aliyepimwa kuwa wa masikio hufaulu zaidi akifundishwa kwa sauti, wote wakifanya mtihani uleule? Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha upimaji huo shuleni. Watu wana mapendeleo, hilo halina ubishi, lakini kuipenda njia si sawa na kujifunza vyema kwa njia hiyo.

Jambo hili niliwahi kuliona kwa karibu sana. Fundi cherehani mmoja wa Gikomba, mwanamume wa miaka hamsini hivi, alijiandikisha kwetu ili ajue hesabu za biashara. Kila nilipogawa karatasi aliikunja akaitia mfukoni na kuniambia, "Mwalimu, mimi ni mtu wa kusikia, nisomee tu." Nilimsomea kwa wiki kadhaa. Siku moja nilimwona akiangalia risiti ya vitambaa, mkono umenyooka mbele kabisa, kichwa amekirudisha nyuma, karatasi imeelekezwa kwenye taa, nikaelewa. Mtu akishavuka miaka arobaini, macho yake huanza kupoteza uwezo wa kuona vitu vya karibu, na wengi wetu hatulisemi. Alinunua miwani ya kusomea, na kufikia mwisho wa muhula yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake maswali. Tangu siku hiyo, mtu mzima akiniambia kwamba yeye ni wa kusikia, humwuliza kwanza kuhusu macho yake, kisha kuhusu uwezo wake wa kusoma, na ni mara chache sana nimelazimika kutafuta sababu ya tatu.

Kwa asiyeona na asiyesikia, hali ni nyingine kabisa, kwa kuwa hapo njia si pendeleo bali ni mlango wenyewe wa kuingilia. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya Breli pamoja na lugha za kiasili, na ni vyema mwalimu akumbuke kwamba Lugha ya Ishara ni lugha kamili yenye sarufi yake. Mwanafunzi kiziwi hafundishwi kwa kuonyeshwa michoro tu huku mwalimu akidhani amemtimizia haki yake.

Baada ya hayo, swali ninaloliona kuwa kubwa kuliko mengine ni hili: ni nani anayeshika mwendo wa somo? Kwa sauti, mwendo uko mikononi mwa msemaji. Kwa maandishi, uko mikononi mwa msomaji, ambaye anaweza kusimama, kurudi nyuma na kuruka anachokijua. Kwa picha iliyotulia, mtazamaji huzungusha macho apendavyo. Video inaonekana kuwa ndugu wa picha, ilhali kwa habari ya mwendo ni ndugu wa redio.

Sauti

Neno likishasemwa limepita, na anayelisikia analazimika kulishikilia kichwani wakati neno jingine linaingia. Wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza mwaka 1974 kwamba kumbukumbu tunayofanyia kazi kwa wakati mmoja ni finyu, na kwamba ina sehemu inayoshughulikia maneno yanayosikika na sehemu nyingine inayoshughulikia vitu vinavyoonekana. Ufinyu huo unajitokeza mara moja ukimsomea mtu hesabu kwa sauti. Mwambie: fundi amenunua mita saba na nusu za kitambaa kwa shilingi 280 kila mita, akashona sketi tano, kila sketi ikatumia mita moja na robo, je, kitambaa kilichobaki kina thamani ya shilingi ngapi? Unapofika kwenye neno "thamani", mita saba na nusu zimekwisha kumtoka, na ataomba urudie. Mpe maneno yayo hayo kwenye karatasi, naye ataandika 6.25 pembeni, ataitoa katika 7.5, atapata 1.25, atazidisha kwa 280, na shilingi 350 zitakuwa mbele yake. Somo ni moja na mtu ni yuleyule.

Kwa hiyo sifundishi hesabu za hatua nyingi kwa sauti pekee. Lakini yako mambo ambayo hayana mwalimu bora kuliko sikio. Chukua maneno "thamini" na "dhamini". Kwenye karatasi mwanafunzi ataona herufi mbili tofauti na kukariri kwamba la kwanza ni kukipa kitu thamani na la pili ni kumwekea mtu dhamana, lakini mdomo wake, ambao labda umezoea lugha isiyo na mojawapo ya sauti hizo, utaendelea kuyatamka kwa namna moja hadi asikie tofauti yake mara nyingi na kuijaribu mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa ushairi. Mizani, yaani silabi, kumi na sita za mshororo, nane katika kipande cha kwanza na nane katika cha pili, ukiziandika ubaoni zinakuwa hesabu kavu, ilhali zikighaniwa mwanafunzi huzihesabu kwa vidole bila kuambiwa. Sauti, zaidi ya hayo, humfikia mtu ambaye mikono na macho yake yana kazi nyingine. Nina wanafunzi ambao ni walinzi wa usiku huko Kilimani na wengine wanaoshona mchana kutwa, na njia nyingine zote zinawataka waache kazi kwanza.

Kenya ina historia ndefu ya jambo hili, nayo inaweza kumfaa hata mwalimu mwenye simu moja tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu katika baadhi ya shule zetu za mashambani walifundishwa Kiingereza kwa redio, kwa mtindo uliokuwa umejaribiwa katika hesabu huko Nicaragua kuanzia mwaka 1974. Siri ya mtindo huo ilikuwa kimya. Mtangazaji aliuliza, akanyamaza kwa sekunde chache, darasa zima likajibu kwa sauti, kisha jibu sahihi likatajwa. Mwendo ulibaki mikononi mwa redio, lakini mwanafunzi alipewa sehemu yake ndani ya mwendo huo. Mimi pia nikirekodi somo huacha kimya cha sekunde tano baada ya kila swali, na hukipima kwa saa, kwa sababu anayerekodi peke yake chumbani huona sekunde mbili kuwa nyingi.

Shule zilipofungwa katikati ya Machi 2020, na kubaki hivyo kwa madarasa mengi hadi Januari 2021, Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ilitegemea masomo ya redio kupitia KBC, shirika la utangazaji la taifa, pamoja na yale ya runinga na mtandaoni. Katika ploti niliyoishi wakati huo, watoto wa nyumba tatu walikuwa wakikusanyika mlangoni kwa jirani aliyekuwa na redio nzuri. Walisikiliza kwa bidii. Aprili ilipoleta mvua, mabati yalinguruma, wakasogeza masikio hadi yakagusa spika, na hatimaye wakakata tamaa na kwenda kucheza. Mtoto aliyekuwa na kitabu angeweza kungoja mvua iishe. Huo ndio udhaifu ambao hauonekani studioni: sauti hutegemea utulivu wa mahali, na utulivu ni bidhaa adimu kwa anayeishi kando ya Barabara ya Jogoo.

Maandishi

Maandishi hungoja. Kwa sifa hiyo moja, mimi huyapa nafasi ya kwanza kwa kila kitu ambacho mwanafunzi atahitaji kukirudia: kanuni, tarehe, hatua za hesabu, maana za istilahi, fomu za serikali. Pia ni njia ya haraka kwa msomaji aliyekomaa. Mwaka 2019 Marc Brysbaert alijumlisha tafiti nyingi na kupata kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya hupita takriban maneno 238 kwa dakika, ilhali msemaji wa kawaida hutamka yapata 150. Hesabu hiyo haihamishwi moja kwa moja kwa Kiswahili, ambacho neno lake moja kama "hatutawaandikia" limebeba sentensi nzima, lakini tofauti yenyewe kila msomaji anaijua.

Tatizo ni kwamba faida hii yote ni ya mtu aliyekwisha kuwa msomaji. Kwa anayesoma silabi kwa silabi, karatasi humnyang'anya nafasi ileile finyu ya kumbukumbu ambayo angeitumia kuelewa, na anapofika mwisho wa sentensi mwanzo wake umepotea, kama vile mwanzo wa hesabu ulivyompotea yule aliyesomewa. Mwanafunzi wa namna hii asipewe kurasa tatu na kuambiwa ajisomee. Apewe nusu ukurasa, herufi kubwa, mistari iliyoachana, na asomewe kwa sauti huku akifuata kwa kidole, kisha asome mwenyewe. Nimeona vijitabu vilivyotolewa nakala ya nakala hadi herufi zimekuwa madoa, vikigawiwa watu wanaoanza kusoma, na kweli sijui ni nani aliyetarajiwa kufaidika.

Lipo kosa jingine la maandishi ambalo huwapata hata wasomaji wazuri, nalo ni kusoma tena na tena na kuhesabu kufanya hivyo kuwa ndiko kujifunza. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma kifungu mara mbili waliwashinda kidogo wenzao walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliosoma mara moja kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Ndiyo maana kila kijitabu ninachoandaa huacha ukurasa wa nyuma mtupu, ukiwa na agizo moja juu yake: funga, andika unachokumbuka, ndipo ufungue. Na kwa anayelenga KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, kama mtahiniwa wa kibinafsi kuna sababu ya ziada, kwamba mtihani utamjia kwa maandishi na kudai majibu ya maandishi, hata kama mwaka mzima alifundishwa kwa video.

Picha

Picha ina uwezo ambao sauti na maandishi hazina: huonyesha uhusiano wa vitu vingi kwa mara moja. Nilikuwa nikifundisha mzunguko wa damu kwa maneno, nikaeleza kwamba moyo una vyumba vinne, kwamba upande wa kulia hupokea damu iliyotoka mwilini na kuisukuma mapafuni, na upande wa kushoto hupokea damu yenye oksijeni kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, na kwamba kwa sababu ya kazi hiyo nzito ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene zaidi. Wanafunzi waliitikia kwa vichwa. Nilipowaambia wachore, walinipa maumbo kumi na mawili tofauti.

Basi nikapata bango zuri la rangi, nikalitundika. Wiki iliyofuata nusu ya darasa walikuwa wamegeuza pande, kwa sababu katika mchoro wa moyo kushoto kwa mgonjwa huwa kulia kwa mtazamaji, na hakuna bango linalosimama kukuambia hivyo. Hapo nikajifunza kwamba picha iliyokamilika inaweza kumchanganya anayeanza. Jioni iliyofuata nilimwita mwanafunzi mmoja asimame mbele akitutazama, nikamwomba aweke mkono kifuani, nikauliza darasa ni upande gani wa kwake na ni upande gani wa kwetu. Kisha nikachora ubaoni hatua kwa hatua, chaki ya buluu kwa damu iliyotoka mwilini na nyekundu kwa iliyotoka mapafuni, nikieleza kila mstari wakati ninapouchora, nikiandika jina palepale penye kiungo na si katika orodha ya pembeni. Waliochora sawasawa wiki hiyo walikuwa wengi.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba Richard Mayer, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza ufundishaji wa maneno pamoja na picha, amepata mambo hayohayo katika majaribio yake: watu hujifunza vyema zaidi kwa maneno na picha zikiwa pamoja kuliko kwa maneno peke yake, lebo ikae karibu na kitu chake, maelezo ya mchoro yafaa kusikika wakati macho yanautazama, na mapambo yasiyohusu somo hupunguza kuelewa. Amepata pia kwamba ukimwonyesha mtu mchoro unaotembea, ukamsomea maelezo, na wakati huohuo ukamwekea maelezo yaleyale yote kwa maandishi chini yake, unamzidishia mzigo. Hili la mwisho nalisisitiza kwa kila anayetaka kununua projekta, kwa sababu matumizi ya kwanza ya projekta katika madarasa niliyoyatembelea ni kuandika aya nzima ukutani na kuwasomea watu wanaoweza kuisoma wenyewe.

Kuhusu video, nitasema kwa ufupi. Inafaa pale ambapo kitendo chenyewe ndicho somo: jinsi sindano inavyoingia, jinsi fundi anavyounga waya, jinsi mdomo unavyotamka. Pasipo na kitendo cha kuonyesha, mchoro uliotulia humpa mwanafunzi nafasi ya kufikiri. Na isimamishwe kila baada ya dakika mbili au tatu, aulizwe kitakachofuata, la sivyo atatoka akiwa na hakika kwamba ameelewa, na hakika hiyo ndiyo ngumu zaidi kuirekebisha.

Gharama na mahali

Wanafunzi wangu wengi hununua bando la siku. Somo la nusu saa likirekodiwa kwa sauti ya kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde huwa takriban megabaiti 14. Nusu saa ileile kwa video ya kiwango cha chini cha kilobiti 500 huzidi megabaiti 110. Maandishi matupu ya somo hilohilo hayafikishi hata sehemu ya kumi ya megabaiti moja, na yanaweza kukatwa vipande vya kutumwa kwa SMS hadi kwenye simu ya kabambe, ile ndogo isiyo na intaneti. Mchoro mmoja uliopigwa picha vizuri uko katikati, na huweza kutazamwa mara mia bila kulipiwa tena. Stima ikipotea saa moja jioni, projekta imekufa, spika ina saa chache za betri, na karatasi inasomeka kwa mwanga wa simu. Asiye na fedha za kununua vitabu hana haja ya kuvikosa kabisa: Maktaba ya McMillan katika Barabara ya Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina matawi Kaloleni na Makadara, karibu na wengi wa wanafunzi wetu.

Nilimwambia mwenzangu basi asinunue projekta. Darasa lake lina watu wapatao ishirini, ubao mmoja unawatosha, na mchoro unaochorwa mbele yao utawafaa kuliko unaoangazwa ukutani. Spika pia asinunue, kwa kuwa kila mwanafunzi wake ana simu inayoweza kucheza sauti, na sauti anayoisikiliza mtu peke yake kazini ni bora kuliko ile inayoshindana na matatu dirishani. Fedha ziende kwenye karatasi, wino na pakiti mbili za chaki za rangi. Lakini nilimwekea sharti moja, kwamba kama zaidi ya nusu ya wanafunzi wake bado wanasoma silabi kwa silabi, vijitabu vya mihula miwili ya kwanza viwe vya nusu ukurasa, na kila kimoja kiambatane na rekodi ya sauti yake mwenyewe akikisoma polepole, maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule.

Juzi alinitumia rekodi ya kwanza niisikilize. Ilikuwa ya dakika saba, juu ya kujaza fomu ya kufungua akaunti ya benki. Nilimjibu kwamba kimya baada ya swali la tatu ni kifupi, airekodi upya sehemu hiyo.